Mashine Chini ya Kitambaa

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu. Kwa miaka ishirini na minane alifua nguo za watu kwa mikono, makarai matatu mbele yake: la sabuni, la kusuuza, la kusuuza tena. Ngozi ya vidole ilipasuka, ikapona, ikapasuka, hadi ikachoka kupona. Mashuka ya nyumba ya wageni peke yake yalitosha kumtoa mtu roho.

Basi akanunua mashine ya kufulia. Muuzaji, mtu wa maneno matamu, akambebesha na dhamana ya ziada. "Mama, miaka mitatu huna wasiwasi. Ikiharibika tunakuletea mpya." Dobi akaitia ile karatasi kwenye bahasha, bahasha kabatini, kabati akalifunga kwa ufunguo. Binti yake, mshonaji, alimwambia hayo ni maneno ya dukani, watu wanalipia wee na hakuna anayepata kitu. Hakusikilizwa.

Sasa sikiliza alichofanya, maana kinakera mpaka leo. Hakuiwasha! Aliiweka pembeni na plastiki yake, juu akatandika kitambaa alichodarizi mwenyewe. Kichwani mwake dhamana ilikuwa kama akiba: usipoigusa mashine, nayo dhamana haipungui. Akaendelea kufua pale mlangoni, hatua mbili kutoka kwenye mashine, akiinuka tu kuifuta vumbi.

"Mama, iwashe basi!" binti alimwambia. "Mashine gani hii inafunikwa kama maiti?"

"Hebu niache. Mikono bado ninayo. Ikinishinda ndiyo nitaiwasha, nianze nayo ikiwa mpya kabisa."

Mikono ikamshinda kweli. Asubuhi moja vidole viligoma kukunjika, na daktari akamwambia bila kuzunguka: ukiendelea kufua hivi, hata kijiko hutashika. Dobi hakulia. Alirudi nyumbani karibu anacheka, akachana plastiki kwa meno, binti akachomeka waya ukutani. Wakabonyeza, wakabonyeza tena. Kimya.

Duka likamtuma fundi. Akafungua mgongo wa mashine, akamulika ndani, akaguna. "Hii ni mbovu tangu kiwandani, mama. Haijawahi kufanya kazi hata siku moja."

"Afadhali!" Dobi alikuwa ameshatoa bahasha. "Basi mniletee mpya."

Fundi akaisoma karatasi, akarudia, akashusha pumzi. "Pole, mama. Imeisha mwezi uliopita. Inahesabiwa toka siku uliyonunua, si siku uliyowasha."

Angenyamaza hapo. Lakini kuna watu, jamani, hawajui kunyamaza.

"Nina miaka mingi kwenye kazi hii," akaendelea. "Wanaolipia dhamana hizi karibu wote wanatupa hela zao, vitu haviharibiki mapema hivyo. Wewe ndiye ambaye ingekufaa hasa. Ungeiwasha siku yoyote, hata ile ya kwanza, ungepewa nyingine. Na mikono yako ungekuwa nayo."

 Binti aliona uchungu hadi akatoka nje.

Dobi alibaki ameishika ile karatasi kwa viganja viwili, kwa kuwa vidole havikuweza kuikunja. Fundi alipobeba mkoba wake, akamwita.

"Mwanangu, kabla hujaenda, nifungulie hilo bomba. Limekazwa, na nguo za watu zinataka kufuliwa leo."

Fundi akalifungua, akaaga. Maji yakaanza kujaa kwenye karai.