Mukwe Mwenye Hajaonwa

Guylain aliishi jirani na mama-mukwe wake kwenye kisiwa cha Kilwa, ziwani kati ya Congo na Zambia, tangu alipomuoa Luse, na muda huo wote mama huyo hakuwahi kumuangalia usoni. Hawakuwa wamegombana. Ilikuwa heshima. Kwa Wabemba, mukwe na mama-mukwe hawaangaliani, hawasemeshani wala hawali pamoja, mpaka ifike karamu ya kumuingiza mukwe. Siku hiyo mama anapika, mukwe anakula, basi wamekuwa mama na mutoto. Kabla ya hapo wakikutana njiani, mama anaingia kwenye majani na kugeuza mgongo. Kisiwa chetu ni kidogo na njia ni moja. Mama Esnart aliingia kwenye majani kuliko mbuzi zake.

Mimi ni Mathilde. Ninauza chumvi, sabuni na unga wa muhogo pale kivukoni. Nilitoka Congo kwa bwato mwaka ule wa 2017, sawa na Guylain, tukapita Kenani, kambi ya wakimbizi, tukapiga foleni, tukaandikishwa. Mimi si mutu wa kuingilia mambo ya watu. Lakini mukwe na mama-mukwe wanahitaji mutu wa kupitisha maneno katikati, na kwa bahati mbaya meza yangu iko kati ya nyumba zao. Hakuna aliyeniuliza kama ninataka. Mama Esnart alikuwa anasimama upande huu na kusema kwa sauti, "Mathilde, mwambie mutu wetu kwamba paa inavuja." Guylain yuko upande ule, amesikia kila neno, ameshachukua ngazi. Bado ananingojea nimwambie. Bon, ninamwambia.

Guylain ni mutu murefu, mupole, wa maneno machache. Kwao alikuwa fundi wa kinga, hizi baiskeli, akaja Kilwa penye hakuna barabara, akajifunza nyavu. Mama yake mzazi alifia njiani wakati wa kukimbia vita, na pahali walipomzika hawezi tena kupaonyesha. Siku moja alikuwa anashona wavu karibu na meza yangu, akasema bila kuinua kichwa, "Mama Mathilde, mimi nataka tu mama mumoja aniangalie." Iliniuma sana. Nikamwambia asogeze wavu wake, unaziba wateja.

Alikuja kisiwani na rafiki yake mumoja, Dédé. Mgeni ni kuku mweupe, na hao walikuwa kuku weupe wawili. Siku ya ndoa waliingia pamoja, vichwa chini, wote katika makoti ya kuazima, na koti la Dédé lilikuwa zuri kuliko la bwana harusi. Jioni Dédé akanywa, akaangukia chanja za samaki za Mama Esnart, akalala humo katikati ya samaki mpaka asubuhi. Tangu siku ile Mama Esnart alikuwa anawakwepa wote wawili. Akimuona Guylain anageuka, akimuona Dédé anageuka na kusonya. Sisi tulisema huyu mama heshima imemuzidi. Dédé mwenyewe alijisikia mutu mukubwa.

Tatizo la karamu lilikuwa samaki. Mama Esnart alitangaza kwamba mukwe anaingizwa kwa pale, samaki mupana wa nyama nyeupe, mwenye anajaza sahani. Chisense, vile visamaki vyetu vidogo, havimpi mutu heshima. Na kambale hapana kabisa, samaki bila magamba, mwenye masharubu, uso wa mutu anayeficha kitu. Zamani hilo si neno. Samaki hao walikuwa wanataga pale pale mbele ya kivuko chetu, kwenye muchanga, maji mafupi, jua linafika chini. Ulikuwa unaona viota vyao kama mabakuli.

Halafu yakaja yale majani.

Yalikuja yanaelea, mabua yamevimba, maua ya zambarau mazuri sana. Wamama wa kanisa waliyaweka mbele ya madhabahu, nami niliyasifu. Waliokaa upande wa Zambia walisema yametoka Congo. Wa Congo walisema yametoka Zambia. Yenyewe hayakupita Kenani, hakuna aliyeyaandikisha, na baada ya mvua moja yalikuwa mengi kuliko sisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tuliyaangalia yakiwa kama mukeka, tukaja kuyaangalia yakiwa kama shamba. Chini yake jua likakatika. Maji yakawa meusi, yakanuka yai bovu. Mizizi ikashika muchanga wote wa viota, na samaki pale wakaondoka. Kambale akabaki, kwa sababu yeye akikosa hewa chini anakuja kuivuta juu. Konokono wakabaki, nyoka na mbu pia. Watoto wakakatazwa kuoga.

Kila asubuhi Guylain aliingia kwenye ule uchafu mpaka kifua, akayavuta na kuyarundika pwani. Si kazi ya kulipwa. Alikuwa anawafungulia samaki pale nyumba yao warudi, wapikwe. Kipande kimoja kikikatika, kinaelea na kuwa jani jipya. Na watu wa kivuko cha pili, hao mashetani, walikuwa wanasukuma majani yao kwa miti mirefu upepo ukielekea kwetu. Sisi hatukuwahi kufanya vile, isipokuwa upepo ukielekea kwao.

Mwaka ukapita bila karamu, na mwingine. Guylain angengoja, ana moyo wa kungoja. Lakini macho ya Mama Esnart hayakungoja. Mutoto wa jicho alimushika jicho la kushoto, kisha la kulia. Watu wanasema macho hayana pazia. Ya Mama Esnart yalikuwa na mapazia mawili, kitenge alichojifunika kwa heshima na ule ukungu, na wa pili ulikuwa hauondolewi kwa karamu. Akaanza kuwasalimia mbuzi. Guylain aliona. Akaacha hata kula vizuri, maana alikuwa ameshahesabu mwenyewe: siku samaki pale watakaporudi, huyu mama hataona tena mutu.

Habari ikafika kwamba Nchelenge, mji wa ng'ambo ya maji, kumekuja madaktari wa macho wenye wanazunguka, wanapasua, wanaenda. Wiki ile yote upepo ulikuwa umebandika majani kwenye kivuko chetu, hata bwato halikutoka. Siku yao ya mwisho Guylain aliamka kabla ya jogoo, akakata njia kwa panga, akaazima bwato la moteri. Akakaa nyuma kwenye moteri. Mama Esnart akakaa mbele kabisa, kitenge kimefunika kichwa chote, anaangalia ziwa. Luse alikuwa ametoka kuzaa, akabaki na kichanga chake. Katikati nani? Mathilde, na beseni langu la sabuni.

Tulienda vizuri kidogo. Kisha upepo ukageuka, njia ikajifunga mbele na nyuma. Moteri ikakohoa, ikazima, mizizi imezunguka pangaboi. Guylain akapiga kafi, bwato likajizungusha pale pale. Mama Esnart akasema, "Mathilde, mwambie mutu wetu kwamba jua linapanda." Nikamwambia mutu wetu kwamba jua linapanda. Akanijibu nimwambie mama kwamba ameliona.

Akashuka ndani ya maji asukume. Alisukuma muda mrefu, tukaona maji meupe kule mbele, kisha nikamuona anakwama. Mizizi ilimushika miguu. Akazama, akatokea, akazama. Mimi sijui kuogelea, nikashika ukingo wa bwato. Mama Esnart akauliza kwa nini bwato limetulia.

Nikasema, "Mama, mutu wetu anakufa."

Hakugeuka. Huyo mama alivua kitenge kichwani, akashika ncha moja, akarusha nyingine nyuma juu ya bega lake, juu ya kichwa changu, ikaangukia majini. Akaniuliza kama ameshika. Nikasema bado. Akarusha tena. Ameshika? Ameshika, mama. Akavuta, mgongo kwetu, uso kwa Nchelenge, miguu imekaza ubao, nami nikavuta na kulia. Guylain akapanda na mizizi shingoni, anatapika maji meusi. Mama Esnart akanyoosha mkono nyuma bila kuangalia, akarudishiwa kitenge chake, akajifunika kama kwanza. Maji yakamushuka mgongoni mpaka tunafika.

Tulifika jua limeinama. Muuguzi kwenye hospitali alikuwa anakunja mashuka. Madaktari walikuwa wameenda. Alisema labda watarudi mwakani, akamulika macho ya mama kwa tochi, akaizima. Mama Esnart akamuuliza mwakani atakuwa anaona nini. Muuguzi alikuwa musichana mwema. Alimwambia ukweli: mwanga na giza.

Tukakaa kwenye benchi la nje. Guylain akasimama mbali, kwenye ukuta, ametugeuzia mgongo kwa heshima, nguo bado zinatiririka. Nilikuwa na hasira na kila kitu. Na madaktari, na upepo, na wamama wa kanisa na maua yao.

Mama Esnart akakunja kile kitenge polepole, akakiweka kwenye mapaja.

"Mathilde," akasema, "mwambie asogee. Bado naona kidogo."

Nikamkumbusha kwamba karamu bado.

"Karamu inangoja samaki. Mimi siwezi kungoja samaki."

Guylain alikuwa amesikia. Safari hii hakungoja nimwambie. Akaja, akapiga magoti mbele yake, kichwa chini. Mama akamushika kidevu, akauinua ule uso na kuuleta karibu sana na wake, akaugeuza huku, akaugeuza kule penye mwanga. Alichukua muda. Kisha akaniuliza mimi, kwa mazoea.

"Huyu ni nani?"

"Ni mukwe wako, mama."

"Awe, hapana. Mukwe wangu ni yule mwenye alilala katika samaki zangu."

Hapo ndipo nilielewa, na nilitamani benchi linimeze. Siku ya ndoa alikuwa ameangalia makoti, akadhani mwenye koti zuri ndiye mukwe.

"Yule ni Dédé, mama," Guylain akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake.

Mama Esnart hakumwachia kidevu. Akasema samaki pale walirudi mwaka uliopita, kidogo, ng'ambo ya kisiwa, na alikuwa amewaona sokoni, akaficha. Alisema hakutaka kupikia mulevi. Alisema alikuwa anamuhurumia Luse kila siku kwa sababu ya Dédé.

"Usiende," akamwambia. "Niache nikuangalie vizuri. Giza likija, nataka nikumbuke wewe."

Guylain alikuwa analia bila sauti, nami pia. Muuguzi akatuletea chai, akidhani tumefiwa.

Karamu ilifanyika kwa kambale, na masharubu yake yote. Dédé alialikwa, akawekwa mbali na chanja. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile ya kurudi majani yalikuwa bado pale, tukakwama tena, Guylain akapiga kafi tena. Mama Esnart alikuwa amekaa mbele kama kawaida, ila amegeukia nyuma. Mimi katikati nilimuziba, akaniomba niiname.