Usimcheleweshe

Jumamosi ile kamba ilikuwa mikononi mwa Luhaga tena. Salu alikuwa chini ya maji ya lambo, mtungi wa hewa mgongoni, na mimi nimesimama hatua mbili nyuma ya Luhaga, nina neno moja la kumwambia ambalo mwaka mzima nilikuwa nimeshindwa kulisema.

Neno lenyewe ni "vuta."

Kwa nini neno dogo hivyo linikabe, lazima kwanza niseme habari za Klementina, dada yake Luhaga, rafiki yangu.

Tulimaliza darasa la saba pamoja hapa Bariadi. Mimi binti wa muuza vitenge sokoni, yeye ametoka Mwamapalala, anakaa kwa mjomba wake ili asome. Hatukuchaguliwa kuendelea, wote wawili. Shangazi yangu Zamda alikuwa na mgahawa kisiwani Mafia, akatuita tukaoshe vyombo. Jirani palikuwa na kambi ya wazamiaji, wale wanaoshuka baharini na mitungi kutazama samaki. Klementina alianza kwa kuwapelekea chapati, akawa anawaoshea miwani na mapezi, na mwaka wa pili akaingia majini mwenyewe. Mtoto wa wachunga ng'ombe, hajawahi kuona maji yanayozidi kiuno! Alipopata cheti cha ukufunzi hakutulia mpaka na mimi nimepata.

"Asu," aliniambia, "kule chini na wageni peke yangu nitamcheka nani, na nani?"

Alifundisha kama mama anavyolisha. Mgeni akishikwa na woga, anahema kama mbuzi aliyekimbizwa, Klementina alimshika mikono yote miwili na kumwambia, "Pumua kama unapoza uji wa mtoto. Polepole. Ukipuliza kwa nguvu utaumwaga." Wengine uji hawaujui, lakini walitulia. Mpaka leo nikimpozea binti yangu Yasmini uji wake, namsikia.

Mimi nilirudi kuolewa na Nuruddin. Yeye alirudi baadaye, mama yake alipopooza, akaja na mtungi mmoja mkuukuu aliopewa kambini siku ya kuagwa. Akakuta kwao wamechimba lambo la kunyweshea ng'ombe, na kila masika linaondoka na mtu. Akaniambia, "Sisi tunajua maji, Asu, na ndugu zetu wanafia kwenye maji ya ng'ombe. Si aibu hii?" Tukaanza kufundisha watu kuelea, kila Jumamosi. Wachungaji walikuja kwanza kucheka.

"Mwalimu! Ng'ombe wangu anaogelea bila cheti!"

"Mlete nimpe," Klementina akajibu, "halafu wewe ukalale zizini badala yake."

Wakacheka, na Jumamosi iliyofuata wakavua mashati.

Lambo lile walilichimba palipokuwa na zizi la zamani. Miti na miiba ya zizi haikung'olewa, maji yakaifunika. Na maji yenyewe ni udongo mtupu, ukishuka huoni hata mkono wako, kwa hiyo zile ishara za vidole za baharini hazina kazi. Kinachobaki ni kamba. Mzamiaji anafungwa kiunoni, mtu wa nchi kavu anashika. Akivuta mara moja, yuko salama. Akivuta mara tatu, anaomba kutolewa.

Masika ya mwaka jana mzee Yakobo aliteleza akimtoa ndama, akazama. Mpaka saa sita mchana mwili ulikuwa haujaonekana, na wanawe wamekaa ukingoni wanaangalia maji tu. Klementina akavaa mtungi, na kamba akapewa kaka yake Luhaga kwa mara ya kwanza. Siku zote Klementina mwenyewe ndiye aliyemweleza mshika kamba, na kumrudishia mara tatu. Siku ile mpira wa kupumulia ulikuwa unamsumbua, akaniambia, "Asu, mweleze kaka."

Yasmini alikuwa na miezi mitatu. Alikuwa analia mgongoni kwangu, na maziwa yamenijaa yananiuma. Nikamwambia Luhaga huku nafungua kanga, "Akivuta mara tatu, usimcheleweshe." Nikaenda pembeni kunyonyesha.

Nilimsikia akisema kwa furaha, "Anakwenda! Anakwenda huyo!" Nilipogeuka, ile kamba iliyokuwa imeviringishwa miguuni pake ilikuwa imekwisha.

Nilimlaza mtoto kwenye nyasi, nikaruka na pumzi yangu tu, nikaifuata kamba kwa mikono. Mkanda wa mtungi ulikuwa umenasa kwenye mti wa zizi. Nilimkuta Klementina ameikumbatia kamba. Mizunguko na mizunguko, yote kifuani kwake. Mtungi ulikuwa umekwisha hewa.

Matangani Luhaga aliwasimulia watu. "Alivuta mara tatu, nikampa kamba. Akavuta tena, nikampa. Dada yangu sikumchelewesha hata kidogo." Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikashindwa kukipeleka mdomoni. Ndipo nilipoelewa. Dume la ng'ombe likivuta kamba, mchungaji huliachia. Ukishindana nalo litajinyonga, au litakung'oa bega. Luhaga alilisikia neno langu kwa sikio la mchungaji.

Wazee wakasema lambo lina mwenyewe, linadai mbuzi mweusi. Luhaga akamtoa wa kwake, akachinja. Nami nikanyamaza. Nilijiambia kama analala usiku, mwache alale.

Mwaka huu mtendaji wa kata akaniomba nifundishe waokoaji wanne. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Salu, mama wa watoto wawili, mkulima wa pamba kutoka Kasoli. Siku ya kwanza ya kushuka na mtungi, Luhaga akatokea na kofia yake mkononi.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia Kisukuma, akiniita mama kwa heshima kama siku zote. "Kamba nitashika mimi. Naijua. Nilimshikia dada yangu mpaka mwisho."

Watu wakaitikia kwamba ni haki yake. Ningekataa ningeulizwa sababu. Na ningemwambia tu "akivuta, na wewe vuta," papo hapo angejua alichokifanya mwaka jana. Nikajipa moyo kwamba ni mazoezi, kina si kirefu, nitasimama karibu.

Salu alifungwa kamba huku anatania. "Nikifia humu pamba yangu atavuna nani?"

"Mume wako," mtu akamjibu.

"Yule? Basi sifi."

Akazama.

Mapovu yalitembea kuelekea katikati. Kamba ikashtuka mara moja. "Anatusalimia," Luhaga akasema akitabasamu.

"Kaka Luhaga," nikaanza.

"Naam, mayu."

Neno lilifika kwenye meno. "Shika vizuri," nikasema.

Mapovu yakasimama mahali pamoja. Yakawa mengi, ya haraka, na nilijua ni mtu anayemwaga uji. Kamba ikashtuka. Mara moja, mbili, tatu. Nikaviona vidole vya Luhaga vinafunguka taratibu, kwa upendo kabisa, na kamba inateleza kwenda majini.

"Vuta!"

"Lakini mayu, anataka..."

"Vuta, kaka! Huyo si ng'ombe! Vuta kama ndoo ya kisima!"

Nikaidaka kamba nyuma yake, tukavuta wote. Ikakaza, ikagoma, halafu kitu kikakatika kule chini na Salu akatokea. Miwani haipo, mkono una damu ya miiba. Tukamburuta hadi kwenye nyasi. Alikohoa, akatema maji, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa matusi. Cha pili kilikuwa hiki:

"Mbona mliniachia? Navuta kamba, kamba inanijia tu!"

Hakuna aliyecheka. Luhaga aliitazama mikono yake, akaniita bila kuinua uso.

"Mayu. Klementina alivuta mara tatu."

"Ndiyo, kaka."

"Akavuta tena."

"Ndiyo."

"Nikampa kamba. Umejua lini?"

"Matangani."

"Ukaniacha nikachinja mbuzi."

Sikuwa na pa kukimbilia. "Neno lilikuwa langu," nikamwambia, mbele ya watu wote. "Klementina alinituma nikueleze. Nilikwambia usimcheleweshe. Sikukwambia vuta. Nilijua wewe ni mtu wa ng'ombe, na mwanangu alikuwa analia, na sikurudia."

Luhaga akavua shati, akaifungua kamba kiunoni mwa Salu, akajifunga mwenyewe. Mtu mmoja akamshika bega, "Luhaga, acha." Akamtoa mkono. Akaniletea mimi ncha ya kamba.

"Shika. Nataka kujua inavyokuwa."

Aliingia mpaka kifuani, akavuta pumzi, akajizamisha. Nilihesabu moyoni. Kamba ikashtuka mara tatu nami nikavuta kwa nguvu zangu zote, hadi akaja amepiga magoti kwenye matope, macho ameyafumba, maji yanamtiririka usoni. Sikujua kama yote yalikuwa ya lambo.

"Tena," akasema.

Nikamvuta tena. Na tena. Viganja vyangu vilichubuka, wala sikumwambia apumzike, kwa sababu kila nilipovuta nilikuwa namvuta yule mwingine pia, na nadhani naye alijua.

Lambo bado tunalitumia, ila miti ya zizi tumeikata kiangazi hiki. Luhaga hunisalimia, lakini neno "mayu" sijalisikia tena kinywani mwake. Kamba anashika kila Jumamosi. Akija mshika kamba mpya, ndiye anayemweleza, na kumrudishia mara tatu kama alivyofanya dada yake: kamba ya ng'ombe mpe, ya mtu vuta. Kazi hiyo haniachii mimi, na sijamwomba.