Kosa la Kuwa na Homa

Mwenzangu mmoja ofisini, hapa Kasese mjini, hutwanga kitunguu saumu kila asubuhi, hukichanganya na tangawizi na ndimu, kisha hukinywa amefumba macho kama mtu anayesali. Anasema anajenga kinga ya mwili. Mimi hutoka nje, nikakaa barazani mpaka harufu ipungue. Wenzangu wanadhani siipendi, lakini si hivyo. Harufu ile hunirudisha kwenye umri wa miaka tisa, sokoni Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nikiwa nimesimama wima na mikono imenyooka ubavuni, nasubiri kuamriwa nitoe ulimi.

Aliyekuwa akiamuru ni baba yangu. Watu wa Bwera walimwita Afande, naye hakuwahi kuwaeleza kwamba jeshini alikaa miezi michache tu, tena jikoni, akigawa maharage. Alirudi na jozi ya buti, sauti ya kukaripia, na imani kwamba binadamu wote ni wavivu isipokuwa yeye. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 alianza kuuza kinywaji cha kinga: kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, asali kidogo, na maji ya mululuza, yale majani machungu yanayoota nyuma ya kila nyumba kwetu na ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyanunua kabla yake. Vyote viliingia katika chupa za maji zilizookotwa. Mama ndiye aliyeziosha.

Kinywaji chenyewe hakikumdhuru mtu. Lakini bidhaa iliyokuwa mezani hasa ilikuwa sisi. Tulikuwa wasichana wanne: Masika, Biira, mimi Kabugho, na Mbambu. Mkonzo yeyote, yaani mtu wa kabila letu, akisikia majina hayo anajua nani alitangulia na nani alifuata. Siku za soko, wafanyabiashara wa Butembo na Beni walipovuka mpaka na mizigo yao, Baba alitupanga mbele ya meza kwa urefu, tumepakwa mafuta mpaka tunang'aa.

"Tazama hii," alisema, akimgusa Masika begani kwa kijiti. "Haijameza kidonge hata moja tangu izaliwe. Haijachomwa sindano. Wewe, toa ulimi. Geuka. Onyesha kucha."

Tulitoa ndimi, tukageuka, tukaonyesha kucha. Akina mama Wakongo walitukagua kama wanavyokagua nyanya, kisha wakanunua.

Nikiri jambo moja: tulikula vizuri. Maharage ya Kyarumba, dodo, ule mchicha wa kwetu, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa mpaka ikalainika, parachichi, na samaki wa Kasenyi kila tulipoweza kuwapata. Maji yalichemshwa. Saa mbili usiku tulikuwa kitandani, chandarua kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Hakuna daktari ambaye angelalamika. Baba aliyaita hayo yote "mpango wangu", naye hakujua hata sufuria ya kuchemshia maji inatunzwa wapi. Mpango ulikuwa mikononi mwa Mama, uliamka naye alfajiri na kulala naye usiku. Baba alichangia hotuba.

Alichangia pia sheria. Katika nyumba ile kuugua hakukuwa bahati mbaya, kulikuwa kosa. Ukipiga chafya, ulihojiwa. Ulikula nini njiani? Ulilala saa ngapi? Nani alikupa biskuti? Mandazi ndiyo yaliyoshukiwa kuliko vyote. Kwa Baba, kila ugonjwa duniani ulianzia kwenye karai la mafuta la muuza mandazi. Basi Masika alijifunza kukohoa chooni. Biira alipenga kamasi kwenye majani ya mgomba na kuyafukia. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wao, kwa sababu mimi niliamini. Shuleni nilisogeza kiti nikae mbali na msichana mwenye mafua, nikamuuliza kwa sauti kwao wanakula nini.

Jumapili moja wakati wa likizo, kanisani, Mbambu aliniegemea. Alikuwa na miaka mitano. Mwili wake ulikuwa wa moto hata kupitia gauni langu. Nilimsukuma akae sawa, nikamnong'oneza asimwambie mtu. Jumatatu alitetemeka, nikamvika sweta yangu na kumwambia ni mvivu. Mama alipouliza kwa nini hali chakula, nikajibu kwamba ameshiba parachichi kwa jirani. Sikuwa namlinda. Nilimwonea aibu, kama mtu anavyomwonea aibu ndugu aliyekamatwa na mali ya wizi.

Jumanne tulipangwa mstarini kama kawaida. Mbambu alikuwa wa mwisho upande wa kulia, amepakwa mafuta, macho mekundu. Mteja wa kwanza alikuwa Mama Kahindo wa Butembo, muuza vitenge, mama mnene aliyenunua chupa mbili kila alipovuka mpaka. Alizoea kutupapasa mashavu. Siku ile mkono wake uligusa shavu la Mbambu ukabaki hapo.

"Papa," alimwambia Baba, "mutoto iko anawaka."

"Ni jua," Baba akajibu.

"Jua inachagua mutoto moja? Hawa watatu beko baridi, juu ya nini?"

Watu wakaanza kusogea. Baba akacheka kile kicheko chake cha jeshini.

"Ametoka kukimbia. Hii ni mazoezi."

"Basi mupe ye chupa sasa hivi," alisema Mama Kahindo, "na sisi tuone."

Angeweza kukataa. Lakini kulikuwa na watu kama ishirini wanatazama, na mtu wa aina ile, akitazamwa na watu ishirini, hana mtoto. Ana sifa yake tu. Akafungua chupa, akamshika Mbambu kidevu, akammiminia. Mbambu alimeza mara mbili, kisha akatapika yote juu ya buti za Baba.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Dawa inarudi kwa mwenyewe," na soko likacheka. Baba hakuangalia kama mtoto bado amesimama. Aliangalia buti, kisha akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa Mbambu.

"Umekula nini?" akauliza. "Sema mbele ya watu. Umekula mandazi?"

Hapo Mama alitoka nyuma ya meza. Alifuta mdomo wa Mbambu kwa pindo la kitenge, akambeba mgongoni, akafunga.

"Unaenda wapi?" Baba akamuuliza.

"Kumpima damu."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Wapishe njia basi," Mama alisema, nao wakapisha. Nilimfuata mbio.

Klinikani muuguzi alimuuliza Mama homa imeanza lini. Mama akasema leo. Akaniangalia mimi, nami nikatazama sakafu. Muuguzi akaomba kadi ya chanjo ya mtoto, na Mama, bila kusita, akafungua fundo la kitenge na kutoa kadi nne zilizokunjwa pamoja ndani ya mfuko wa plastiki. Yangu ilikuwa ya tatu. Nilisoma jina langu, na pembeni yake alama za sindano zote ambazo kila siku ya soko nilikuwa ushahidi kwamba sijachomwa.

"Usimwambie baba yako," Mama alisema, kwa sauti ileile ya kuniambia nifunike maji.

Ilikuwa malaria, na ilikuwa imekwenda mbali. Mbambu alilazwa na kuwekewa dripu. Nilimweleza muuguzi kwamba sisi tunakula mboga kila siku. Alinijibu akiwa anatafuta mshipa.

"Vizuri sana, muendelee. Lakini mbu haulizi umekula nini. Mngechelewa mpaka kesho, tungekuwa tunazungumza mengine."

Baba alifika jioni. Alikuwa ameosha buti. Nyuma yake, mlangoni, walisimama majirani wawili watatu waliokuja kuona Afande ataeleza nini. Alisimama miguuni mwa kitanda, hakumgusa mtoto. Kabla hajafungua kinywa, Mbambu akafungua macho, akajaribu kunyoosha mikono ubavuni, huku mmoja una sindano.

"Baba, nisamehe," alisema. "Nilikula mandazi."

Baba akawageukia majirani.

"Mumesikia kwa masikio yenu," alisema, na uso wake ukakunjuka kama wa mtu aliyeshinda kesi. Siku ya soko iliyofuata aliuza chupa zote, akiwasimulia watu habari za mandazi.

Mbambu alipona. Baba ni mzee sasa, bado anauza, na watu bado wananunua. Kumdharau ni kazi nyepesi, nami nimeifanya kwa miaka mingi bila kuchoka. Alichukua maneno ya kweli kuhusu mboga, usingizi na maji safi, akayageuza kuwa kiti cha hakimu akakikalia yeye.

Nilichochelewa kukielewa kinanihusu mimi. Mbambu hakula mandazi. Nilikuwa naye tangu Jumapili, nimemshika mkono kila mahali, nikihofia atanitia aibu. Katika chumba kile, mimi peke yangu nilikuwa na hakika kwamba mtoto wa miaka mitano, aliyekuwa amenusurika kufa, anaungama kosa ambalo hakulitenda ili asamehewe homa. Sikusema neno. Nakumbuka vizuri nilichofikiri, nikiwa nimesimama pembeni ya kitanda: kwamba hatimaye amepata akili.