Kipeperushi Nilichokisoma Nusu

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ya tisini, hapa Uru, mlimani Kilimanjaro, muuguzi wa zahanati alipogawa vipeperushi vya kisukari nje ya kanisa baada ya misa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikaombwa kuwasomea wazee kwa Kichagga. Mwanangu, nilisoma kichwa na aya moja tu, yaliyobaki nikayatunga. "Ni ugonjwa wa sukari," nilitangaza. "Asiyetia sukari kwenye chai hana la kuogopa."

Shangazi yangu Apolonia alishangilia. "Mimi sukari naionea dukani tu!" Watu wakacheka. Akarudi nyumbani kwenye mbege yake, pombe yetu ya ndizi, huku kiu haimwishi, na kidonda kikimla vidole ndani ya buti la shambani bila maumivu yoyote. Kutouma huko ndiko kulikomdanganya, nami ndimi niliyemwondolea hofu.

Siku alipovua buti mbele ya muuguzi, harufu ilijaza chumba. Kipimo kilionyesha sukari imepanda mno. Nilipoanza kujitetea, yule muuguzi alinisukumia kipeperushi. "Kijana, hapa pameandikwa miguu, macho, figo. Ulisoma au ulihubiri?" Shangazi aliuliza neno moja tu: "Mguu wangu utabaki?"

Ulibaki. Vidole viwili viliondoka.

Alipotoka hospitalini alisimama na mkongojo uwanjani pa kanisa, akaniamuru nisome upya, neno kwa neno. Nilipofika kwenye miguu akapaza sauti: "Haya, vueni viatu!" Lo, mwanangu! Wababa wenye suti na wamama wenye vitenge wakaketi nyasini, wakakaguana nyayo. "Mzee Filipo, hizo ni kucha au majembe?" mmoja akatania. Katikati ya kicheko hicho, Mzee Filipo huyohuyo akakutwa na kidonda asichokuwa na habari nacho, kingali kidogo, kinatibika! Nikaendelea kusoma kwa furaha, sauti juu zaidi.

Basi shika haya. Maandishi ya afya yasome hadi nukta ya mwisho kabla hujamsomea mwenzako. Usiufasiri ugonjwa kwa jina lake. Mbege na ndizi mbivu navyo vina sukari. Kapimwe ungali mzima, na uikague miguu yako kila unapooga. Mungu akujalie ulimi mwaminifu, na miguu miwili itakayokupandisha mlima huu mpaka uzeeni.