Kaburi Nyuma ya Nyumba

Juzi nilikuwa kwenye duka moja la kuchapa, Nkwenda, nasubiri karatasi zangu. Binti wa dukani alikuwa anajifunza mtandaoni kutengeneza programu za pande tatu, zile ambazo mtu haoni kurasa bali anaingia ndani kama anaingia nyumbani, na kila anachogusa kinafungua kitu. Alikuwa amechora kibanja cha kwao Nyaishozi, nyumba katikati ya migomba na mibuni. Ukigusa mkungu unapata bei ya ndizi, ukigusa mbuni unapata bei ya kahawa.

Mama yake akaingia, udongo wa shamba bado miguuni. Binti akapiga goti, "Shikamoo mama," kisha akamwonyesha. Mama akafuata njia kwa kidole, bila kugusa kioo cha kompyuta, mpaka nyuma ya nyumba. Kidole kikasimama.

"Baba yako umemweka wapi?"

"Kaburi, mama? Masomo yanasema kitu ambacho mtu hakigusi kiondolewe. Kinaziba njia."

"Mimi naligusa kila asubuhi."

Nikajifanya nasoma kalenda ukutani. Nadhani hao walimu wa mtandaoni wafu wao huzikwa mbali, makaburini nyuma ya geti. Sisi tunawazika migombani, tunapalilia tukiwazunguka.

Binti akalirudisha polepole, na msalaba wake. Halafu akauliza, "Mtu akiligusa, lifungue nini?"

Mama akafunga kitenge chake upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Lisifungue kitu," akasema. "Hata la nyumbani halifungui."