Mpira wa Kabureta

Kwenye banda la kutengeneza injini za boti, kando ya kivuko, watu waliendelea kumwita Binti Fundi hata alipokuwa mama mwenye watoto wake. Fundi mwenyewe alikuwa baba yake, mzee mkavu na mcheshi aliyemfundisha kazi tangu alipoweza kushika spana. Wateja walimtania mzee kwamba injini zikimwona tu zinajiwasha kwa woga.

Mchana mmoja, baba akiwa nyumbani amejinyoosha baada ya chakula, nahodha wa boti ya kuvusha abiria aliingia akisukuma injini yake kwenye toroli.

"Dada, nimerudi. Mzee kaisafisha kabureta juzi tu, lakini boti inanuka kama kituo cha mafuta. Abiria mmoja nusura awashe sigara!"

Binti Fundi akaifunga injini kwenye stendi na kuinua kifuniko. Harufu ikampiga puani. Petroli ilikuwa imetuama chini. Akapangusa kila mahali kwa kitambaa mpaka pakakauka, akaunganisha bomba la tangi, akaminya ile pampu ya mpira ya mkononi mpaka ikawa ngumu, kisha akatulia kutazama. Bomba kavu. Viungo vikavu. Pampu ikaanza kulegea kiganjani mwake, na tone la kwanza likachungulia chini ya kabureta, pale kikombe chake kinapoungana na mwili.

Akakifungua. Mpira mwembamba wa kuzuia mafuta haukuwa umekaa kwenye mfereji wake. Ulibanwa kando, chuma kikaukata. Kosa la mtu anayejifunza kazi. Na baba alikuwa ameijaribu injini hiyo palepale bandani, ameiinamia kabisa, wala hakusikia harufu.

"Vipi?" nahodha akauliza.

"Mpira umechoka tu." Akautupa kwenye pipa la takataka. Akaweka mpya, akaukandamiza kwa kidole pande zote, akakaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo. Akaminya tena pampu. Safari hii ikabaki ngumu, wala halikutoka tone. "Lakini mzee usimwambie, kaka. Tafadhali."

Nahodha hakuwa na kifua. Jioni hiyohiyo alimkuta mzee barazani akamsifia binti yake, alivyoikamata mara moja kabureta iliyomshinda baba mtu.

Asubuhi mzee aliingia bandani bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye pipa. Akautafuta ule mpira, akauzungusha kati ya vidole.

"Huu ulikuwa na nini?"

"Ulichoka, baba."

"Mpira uliochoka unafanya nyufa. Huu umekatwa. Nimeukata mimi." Hakukasirika, na afadhali angefoka. "Ungeniita tu, mama. Nyumbani si hapo?"

Akafuta spana zake, akazitundika mahali pake, akaondoka. Hakurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Binti Fundi alidhani ni hasira, zitapoa. Akawa anambebea kabureta nyumbani, anajitia imemshinda. Mzee aliipapasa, akamrudishia. "Acha kunichezea. Unajua kuliko mimi sasa." Bandani wateja walikuja kama kawaida, ila utani uliisha. Alifanya kazi huku redio ikiwa imezimwa, na kila alipokaza skrubu alijiuliza ni nini kilichomzuia siku ile kupaza sauti tu, akamwita. Alikuwa amejiambia anamsitiri baba yake. Kumbe alijisitiri mwenyewe, asiione sura ya mzee akijua amekosea.

Mvua za mwaka zilikuwa zimeshakatika mzee alipofungua kinywa. Alikuwa amekaa na binti yake nje ya nyumba, ameshika kikombe chake cha chai.

"Mimi harufu sisikii, mama. Tangu ile homa mbaya. Hata hii chai nakunywa kama maji ya moto. Nilitaka kukwambia, nikaona haya. Nikasema, siku nikiharibu kitu atanicheka, hapo ndipo nitamwambia."



"Rudi, baba," binti alisema. "Mimi nitanusa, wewe utanielekeza. Watatuzoea."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni.

"Ungeniambia siku ile ningekuja mbio. Sasa nimeshazoea kukaa."

Akamwomba amsogezee kiti kivulini.