Tawi Lililopungua Mlango wa Tisa

Saa mbili asubuhi, na nje bado kiza. Vibeke Overgaard anachomeka kidole kwenye udongo wa dungusi la Krismasi, anakitoa, anakitazama.

"Umekunywa juzi, mlevi wewe," analiambia ua. "Leo hupati kitu."

Ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka kumi na tisa ametunza mimea ya ndani katika makao haya ya wazee mjini Thisted, kaskazini mwa Ulaya, saa kumi na nne kwa wiki, kroner 158 kwa saa. Desemba ndiyo mwezi wake mgumu. Jua halipandi, mabomba ya joto yanakausha hewa chini ya kila dirisha, na kila mgeni anamletea mzee wake ua.

"Watu wanadhani mimea inakufa kwa kiu," anasema. "Wakati wa baridi inafia majini. Wanaimwagia kwa huruma hadi mizizi inaoza."

Kazi yake ya pili haina saa. Kila Majilio, wiki za kungojea Krismasi, hufunga mashada ya matawi mabichi, moja kwa kila mlango wa ukumbi huu: milango kumi na moja. Aliyatundika jana.

Anasogea na kopo lake la maji. Mlango wa saba. Wa nane. Kwenye wa tisa anasimama.

Shada lina pengo. Tawi moja limechomolewa.

Vibeke anavaa miwani na kulishika tawi lililobaki jirani na pengo. Majani yake ni membamba kama sindano, kijani kizito. Anayageuza. Msonobari anaoutumia siku zote una mistari miwili myeupe chini ya kila jani. Haya hayana. Anayasugua kwa vidole na kuyanusa. Msonobari wake hunukia ganda la chungwa. Haya hayanukii chochote.

Kopo linamponyoka, maji yanatapakaa sakafuni.

"Merete!" anamwita muuguzi wa zamu. "Mzee Egon wa mlango wa tisa yuko wapi?"

"Si yuko mezani anakunywa uji. Kuna nini? Mbona umepauka hivyo?"

"Hii ni taks, Merete. Nimemtundikia taks mlangoni."

Merete haulizi tena. Hapa kila mtu anaujua mti wa taks, kwa kuwa ndio unaopandwa kuwa ua wa kuzungushia makaburi. Majani yake yana sumu inayoufuata moyo. Wafugaji husimulia habari za ng'ombe walioanguka kabla hawajamaliza kutafuna. "Baba alikuwa akituambia, 'Ukigusa ua wa makaburi, nawa kabla hujanishika,'" anasema Vibeke.

Egon Lauritsen, miaka themanini na saba, alikuwa seremala. Kumbukumbu zake sasa ni kama sakafu iliyong'olewa mbao: hapa anakanyaga, pale anatumbukia. Amekaa mbele ya bakuli la uji wa mkate mweusi. Tawi limemning'inia pembeni mwa mdomo.

"Bibi Maji!" anasema bila kulitoa. "Leo unanimwagilia na mimi?"

"Mzee wangu, nipe hilo tawi."

"Kwani lako?"

"Langu."

"Mbona lilikuwa mlangoni kwangu?"

Anacheka, lakini analitoa. Nusu yake ya chini haina hata jani moja.

"Umeyameza, Mzee Egon?" Merete anamshika kidevu. "Fungua kinywa. Umetafuna?"

"Nimetafuna nini? Uji? Uji hautafunwi, binti yangu. Nani amekusomesha wewe?"

Kinywani hamna kitu ila uji. Hiyo haimaanishi lolote.

Gari la wagonjwa linafika baada ya dakika kumi na moja. Wahudumu hawafichi: sumu ile haina dawa ya kuizima. Watamfunga mashine ya kusoma moyo, kisha watasubiri waone moyo utafanya nini. Egon anapitishwa mlangoni amelazwa, mkono juu kama bwana harusi. "Mniwekee vitumbua vyangu!" anapaza sauti. "Msimpe mtu!"

Vibeke anayateremsha mashada yote na kuyafungulia juu ya meza ya chumba cha kufulia, tawi baada ya tawi. Anaipata taks katika matatu.

Jinsi ilivyofika pale si siri. Shemeji yake, Preben, ni mtunza makaburi. Kila Desemba hufunika makaburi kwa matawi ya msonobari yasipigwe na baridi, na yanayobaki humpa Vibeke. Mwaka huu, wiki hiyohiyo, alikata ua wa taks. Akapakia kwenye tela moja.

Simu iko mezani, spika imefunguliwa.

"Shemeji, niliyatenga," Preben anasema. "Haki ya Mungu niliyatenga. Haya upande huu, yale upande ule."

"Tela lina pande ngapi ukipiga kona, Preben?"



"Na wewe si huwa unanusa?" Preben anauliza taratibu.

Hapo ndipo Vibeke anapokaa chini. Huwa ananusa, kila tawi, tangu mwaka wa kwanza. Wiki iliyopita alikuwa na mafua, hakusikia harufu hata ya kahawa. Akaona macho yanatosha. Akafunga.

"Nenda nyumbani," Merete anamwambia saa sita.

"Nikafanye nini huko?"

Anarudi kwenye vyungu vyake. Anafuta vumbi kwenye jani la okidi, analifuta tena, analifuta hadi linachanika. Kila simu inapolia ukumbini, mkono wake unabaki hewani.

Saa tisa alasiri kiza kinaanza kurudi. Simu inalia. Merete anaipokea akiwa amempa mgongo. "Ndiyo," anasema. Halafu tena, "Ndiyo." "Nilikuwa natazama mabega yake," Vibeke ataeleza baadaye. "Nilijiambia, yakishuka, basi nimemuua."

Mabega yanashuka. Merete anageuka, analia na kucheka pamoja.

Moyo wa Egon haujateleza hata pigo moja. Atalala huko chini ya uangalizi. Majani yote wameyakuta mfukoni mwa sweta lake: alikuwa ameyakwanyua ili tawi liwe laini kama msumari. Daktari alipomuuliza kama amekula, alichukia. "Miaka hamsini nashika misumari kwa midomo," alimjibu. "Umewahi kuona seremala anakula msumari?"

Ijumaa yuko kwenye kiti chake, chumba cha jua, sahani ya vitumbua mapajani. Milango yote kumi na moja iko uchi.

"Bibi Maji, Krismasi imefutwa?"

"Haijafutwa, mzee wangu. Sogeza sahani."

Vibeke ameweka kikapu kati yao. Matawi haya ameyakata mwenyewe, kwenye msonobari wa uani kwake. Kuanzia sasa, anasema, mashada yatafungwa hapa hapa, mchana, dirishani, na kila tawi litapita pua mbili. Pua moja ikipata mafua, hakuna shada. Wakubwa wa makao wamekubali. Preben ameahidi hataleta tena hata ukuti.

Anatumaini nini kwa mwakani? Anafikiri kidogo.

"Niwe bado naogopa hivi hivi. Mwaka huu nilikuwa nimezoea."

Egon analichukua tawi la kwanza, analipeleka puani, anafumba macho kama anayechagua mbao.

"Chungwa," anasema, na kumpa.

Vibeke analipokea. Analigeuza, anatafuta mistari miwili myeupe, anaiona. Analinusa. Analigeuza tena.

Waya uko tayari mkononi. Hajalifunga bado.